Vaa Tuone

Kwa ambaye gazeti la wiki jana alilifungia sabuni kabla hajalisoma, nampa kwa kifupi.

Mume wangu alikuwa dobi na mimi nilikuwa mke wa dobi. Mimi nilifua, yeye alipiga pasi. Akafa. Siku hizi nafua mimi na napiga pasi mimi, na kuna watu hawajanisamehe kwa hilo.

Anayewaongoza ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Anaitaka fremu yetu aigeuze duka la simu. Mimi ameniandalia nafasi nyumbani kwake, kwenye chumba anacholala mama mkwe, eti nikapumzike. Ukimsikia anavyolitamka hilo neno "upumzike," utadhani kaburi limeshachimbwa.

Lakini fremu si yake wala si yangu. Ni ya mama mkwe. Kwenye kikao cha familia mama alisema, "Jumamosi nitakuja nijionee mwenyewe. Nikikuta duka linakwenda, anabaki nalo huyu. Nikikuta halieleweki, nampa mdogo mtu." Akachukua ufunguo wa akiba, akamkabidhi shemeji amshikie mpaka siku hiyo.

Ijumaa nikatoka kwenda kununua wanga na sabuni. Kurudi, nikakuta duka wazi. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu, wembe mkononi, na sakafu nzima imetapakaa vipande vya nyuzi za kila rangi.

Hapo ndipo nafasi ya gazeti iliponiishia. Sasa tuendelee.

"Shemeji," nikasema, "hizo nyuzi umezitoa wapi?"

"Kwenye nguo."

"Nguo zipi?"

"Zote." Akatabasamu kama mtu anayesubiri kupongezwa. "Mama anakuja kesho, nikaona nikusaidie usafi. Kila nguo ina kiuzi kimening'inia ndani, mara kwenye kola, mara kiunoni. Mtu kaleta nguo isafishwe, anarudishiwa ina nyuzi! Nimekutolea zote, hata moja sijabakiza."

Ndugu zangu, zile nyuzi ndizo zilikuwa majina ya wenye nguo.

Marehemu hakutumia karatasi. Karatasi inaloa, wino unafutika, lakini uzi unaingia kwenye maji na unatoka ukiwa vilevile. Kila mteja alikuwa na rangi yake na mshono wake. Mwalimu mkuu, kijani, mshono mmoja. Dereva wa lori, nyekundu, mishono miwili. Shemeji amekulia kwenye nyumba hii, amelishwa na kusomeshwa kwa pasi hii hii, na siku zote hizo hakuwahi kuuliza kaka yake anashona nini kwenye nguo za watu.

Nikageukia rafu. Mimi nilikuwa nimezipanga mteja kwa mteja.

"Na hizi rafu?"

"Nimezipanga kwa rangi. Nyeupe na nyeupe, bluu na bluu. Si panapendeza?"

Palipendeza kweli. Mashati meupe ya walimu, ya wahudumu wa hoteli, ya makarani na ya wanakwaya yalikuwa yamekaa pamoja, yamelingana kingo, ukitazama huoni tofauti ya hili na lile.

Nilimtazama usoni nikitafuta ubaya, maana ubaya ningeuweza. Sikuuona. Alikuwa amefurahi kutoka moyoni.

"Toka," nikamwambia.

"Shemeji?"

"Toka kabla sijakupiga pasi ukiwa ndani ya hiyo suruali."

Akatoka huku anatikisa kichwa. "Mimi ndiyo maana nasema unahitaji kupumzika!"

Nikakaa chini, katikati ya nyuzi. Nikainua macho niangalie mwisho wa chuma cha kutundikia nguo, mahali ninapoangalia kila asubuhi. Hapakuwa na kitu. Koti la marehemu, la kijivu, nililolifua na kulinyoosha baada ya mazishi na kulitundika pale, halikuwepo. Lilikuwa limelundikwa na makoti mengine ya kijivu, kwa sababu lilikuwa la kijivu.

Nililia. Sioni haya kusema.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanaponielewa vibaya. Nilimpenda mume wangu. Kila nikikunja shuka namkumbuka, kwa sababu shuka inataka watu wawili, na mpaka leo nashika ncha zangu halafu nasimama natafuta aliyeshika zile nyingine. Hilo ni kweli.

Na hili nalo ni kweli: chumbani nyuma ya duka nalala katikati ya kitanda, mkono huku, mguu kule. Nakula saa ninayosikia njaa. Na nimejinunulia redio, nimeiweka juu ya kaunta. Marehemu hakutaka redio dukani. Alikuwa akisema pasi inataka utulivu. Pasi yangu siku hizi inakwenda na muziki, na mashati yananyooka vilevile.

Nilikuwa na huzuni na nilikuwa na raha, vyote kwenye chumba kimoja, na havikuwahi kugombana. Waliogombana ni majirani.

Jirani mmoja tu hakugombana na mtu, fundi viatu wa mlango wa pili, ambaye huongea huku ameng'ata misumari. Alinisikia nalia, akaja kusimama mlangoni.

"Amekufa nani tena?"

Nikamweleza. Akatazama sakafu, akatazama rafu, akaitoa misumari mdomoni. Siku akitoa misumari mdomoni ujue mambo ni makubwa.

"Funga," akasema. "Waambie wateja unaumwa. Tafuta zako polepole, moja moja."

"Mama anakuja kesho. Akute nimefunga?"

"Basi wateja wakija wape kwa kukisia."

"Nikimpa karani shati la mhudumu, kesho kutwa mji mzima unajua. Shemeji atakuwa ameshabandika picha za simu mlangoni."

"Sasa utafanyaje?"

Nilifuta macho kwa kiganja. Sijui lile wazo lilitoka wapi. Nadhani lilitoka kwenye hasira, maana nilipoanza kulisema nilikuwa bado nimekunja ngumi.

"Natoa nguo zote nje. Zote. Nafunga kamba toka kwangu mpaka kwako. Atakayekuja aseme ipi yake, halafu aivae hapo hapo, barabarani, mbele ya watu. Wanaomjua waseme ni yake au si yake."

"Watu wavae nguo barabarani?"

"Juu ya nguo zao. Mimi sifungui kituo cha afya."

Fundi viatu alifikiri kidogo, akarudisha misumari mdomoni. "Kamba ninayo," akasema.

Jumamosi asubuhi barabara yetu ilikuwa imejaa mashati kama kuna sikukuu ya mashati. Makoti ya kijivu niliyatundika bila kuyatazama, nisije nikaliona la marehemu nikalia tena. Nikawasha redio, nikaipandisha sauti. Kama ni kuumbuka, nikasema, tuumbuke na muziki.

Wa kwanza kufika alikuwa dereva wa lori. Akanikuta nimesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Suruali yangu iko wapi?"

"Ichague. Halafu vaa tuone."

"Mimi nivae hapa?"

"Vaa tuone!" fundi viatu akaitikia toka kwake, na mama wa saluni ng'ambo ya barabara naye akaitikia, na wateja wake walio na povu kichwani wakaitikia. Ikawa ndiyo wimbo wa siku hiyo.

Dereva akachagua suruali nyeusi yenye mkunjo mzuri, akaipandisha juu ya bukta yake. Ikafika mapajani, ikakataa.

"Si yako!" watu wakapiga kelele.

"Ni yangu! Mwezi uliopita iliingia!"

"Mwezi uliopita uliivalia wapi, kwenye mguu mmoja?" akauliza mama wa saluni.

Mwenye suruali akatokea nyuma yake. Alikuwa karani wa posta, mwembamba kama ufito, akaivaa na ikamkaa sawasawa. Dereva akaonyeshwa yake, pana, yenye kuchakaa pale anapokalia siku nzima. Akaivaa akazunguka nayo mara mbili, akapigiwa makofi. Aliondoka akiwa mwenye furaha kuliko siku yoyote niliyowahi kumrudishia nguo.

Mwalimu mkuu na mhudumu wa hoteli waligombania shati moja jeupe, huyu mkono wa kulia, huyu wa kushoto. Nikawaambia wavae kwa zamu. Likawakaa wote wawili. Watu wakagawanyika, nusu huku, nusu kule, kelele tupu. Mke wa mwalimu akapita katikati, akalishika shati kifuani, akasema, "Kifungo hiki nilikishona mimi. Nilikosa uzi mweupe nikatumia wa kusafishia meno." Ukweli ulikuwa huo, uzi wa meno, tena ulikuwa bado unanukia.

Mwalimu mkuu akasema kwa upole, "Mke wangu, hilo hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza," akajibu mkewe.

Hapo ndipo kilipokuja. Kilianzia tumboni. Nikajaribu kukizuia, nikauma midomo, nikatazama juu, wapi. Nikacheka. Nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye ukingo wa barabara nimekumbatia mashati ya watu, machozi yananitoka, nacheka kwa sauti ambayo sikuisikia tangu tumzike mume wangu. Na kabla ya hapo pia, nikisema kweli, ni muda.

Nilipofungua macho niliona viatu vya mama mkwe.

Juu ya viatu, mama mkwe mwenyewe, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Pembeni yake shemeji, amefurahi tena.

"Mama, umeona?" akasema. "Mimi nilisema mkasema namsingizia. Nguo za wateja ziko barabarani. Redio juu! Na mjane amekaa chini anacheka!"

Muziki uliendelea, lakini watu wote waligeuka kututazama. Nikasimama. Sikupangusa hata vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akazitazama kamba mwanzo mpaka mwisho. "Ndiyo mnavyofanya kazi siku hizi?"

Ningeweza kumshtaki shemeji pale pale. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini nilimwona yule mtu anavyotabasamu, nikajua nikisema nyuzi, atasema alitaka kunisaidia, na itakuwa kweli, na tutabaki kubishana juu ya nyuzi mpaka duka liende.

"Leo ndiyo tunavyofanya," nikasema. "Mama, karibu ukae."

Fundi viatu akaleta kigoda. Mama akakaa, mkoba mapajani, kama hakimu. Nami nikaendelea kugawa nguo. Zilitoka. Moja baada ya nyingine, kila mtu na yake, na hapakuwa na aliyeondoka amenuna. Nikaanza kupumua. Nikamwona hata mama mara moja amefunika mdomo kwa kiganja, pale mwanakwaya mnene alipokwama ndani ya shati la mwanakwaya mwembamba, mikono juu, ikabidi tumvute watu watatu.

Kamba zilibaki karibu tupu. Ndipo akaja mpiga picha.

Ni mtu wa maneno machache, studio yake iko kona ya pili. Akapita moja kwa moja mpaka kwenye makoti ya kijivu. Yalikuwa yamebaki mawili. Akachukua moja, akalivaa, akanyoosha mabega, akageuka tuone mgongo.

"Lako!" wakaitikia watu wote. Siku nzima hawakuwahi kukubaliana haraka vile. "Lako kabisa!"

Mimi sikuitikia. Ule mgongo niliujua. Ile mikunjo miwili chini ya kola, iliyokuwa ikitokea akiinamia meza ya pasi, nilijaribu kuinyoosha nikashindwa, na sasa ilikuwa imejaa mabega ya mtu hai.

Mkono wa mama mkwe ukanishika kifundo cha mkono.

"Hilo ni la mwanangu," akasema polepole.

"Najua, mama."

"Mwambie avue."

Nikalitoa lile koti la pili kwenye kamba, nikamwendea mpiga picha. Watu wakasogea kunipisha.

"Kaka, lako ni hili. Ulilovaa ni la marehemu mume wangu."

Rangi ikamtoka. "Nisamehe, mama! Mungu wangu, nisamehe. Yanafanana sana." Akaanza kufungua vifungo, vidole vinagongana.

Nilikuwa nimenyoosha mkono kulipokea. Nilikuwa nimeshaliona limerudi mwisho wa chuma, na mimi asubuhi nalisalimia, na asubuhi nyingine nalisalimia, na halijibu. Nikaona kwamba kwa miezi yote hii nilikuwa na raha kila mahali ndani ya lile duka isipokuwa mbele ya lile koti.

"Usivue," nikasema.

"Mama?"

"Nimesema usivue. Koti ni la kuvaliwa, si la kusalimiwa." Nikamfunga kile kifungo alichokuwa amekifungua. "Hili la kwako limekwisha viwiko, nitalitia viraka nilivae mwenyewe nikianika nguo asubuhi za baridi. Wewe nenda na hilo ulilovaa. Ukipita hapa, pita ukiwa umelivaa."

Shemeji alikuwa ameshafika katikati ya barabara. "Unagawa nguo za kaka yangu? Barabarani? Kwa mpiga picha? Mama, huyu ameshachanganyikiwa, si unaona mwenyewe! Leo koti, kesho kitanda!"

"Kitanda sitoi," nikamwambia. "Kitanda nakipenda."

Watu wakaguna. Mama wa saluni akapiga kigelegele, akajizuia katikati.

Mama mkwe aliinuka. Alimtazama mpiga picha akiondoka, akamtazama mpaka akapotea kwenye kona. Mashavu yalikuwa yamelowa. Kisha akamnyooshea shemeji kiganja.

"Ufunguo."

Shemeji aliutoa mfukoni haraka, akatabasamu kwa mara ya mwisho siku ile. Mimi nilishika kamba iliyokuwa karibu nami. Nikasema moyoni, basi, duka limekwenda, lakini limekwenda nikiwa nimesimama.

Mama akaugeuza ufunguo kiganjani.

"Mwanangu," akamwambia shemeji, "tangu baba yako afe nakaa kwako. Umenipa kiti kizuri karibu na dirisha. Nakula vizuri. Kila asubuhi unaniuliza kama nimekunywa dawa, na ukishauliza unatoka. Hakuna kitu kingine ninachoulizwa mpaka kesho yake."

"Mama, mimi nakutunza."

"Unanitunza. Wala sikulaumu. Lakini leo nimecheka. Nimecheka pale yule mnene alipokwama." Akageuka. Akanitia ufunguo mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake. "Duka ni la huyu. Asiulizwe tena, kikaoni wala nje ya kikao."

Barabara ikalipuka. Fundi viatu alimeza msumari au alikaribia, alikohoa vibaya sana. Mimi nilipiga magoti nikamshika mama miguu. Nilikuwa nimeshinda, wenzangu. Nilikuwa nimeshinda mchana kweupe mbele ya mashahidi.

"Inuka, inuka," mama akasema. "Nina neno moja tu."

"Sema, mama. Lolote."

Sijui ni nani aliyenituma kusema lolote.

"Mimi kule sirudi. Nahamia hapa." Akafungua mkoba wake. Ndani niliona mswaki, kanga na chupa za dawa. Alikuja akiwa ameshajiandaa, yule mama, kabla hajaona shati hata moja. "Godoro langu wataleta kesho, lakini hata bila godoro, kitanda chako kina upande mmoja ulio mtupu. Nitalala upande wa ukutani. Mwanangu naye alipenda upande wa ukutani, alinirithi mimi."

"Mama," nikasema, "chumba ni kidogo."

"Watu wawili hawajai. Nami kufua bado naweza, na shuka nitakushikia ncha."

Hapo alinipata, nakiri. Ncha za shuka! Nikaona mikono yake imeshika zile ncha mbili, nikaona pia mkono wangu na mguu wangu vikikusanywa katikati ya kitanda na kuambiwa visogee. Nilisimama na ufunguo wangu nisijue nicheke au nilie, wakati mama akinipita na kuingia dukani kama mwenye nyumba, na ndivyo alivyokuwa.

Akazunguka kaunta. Akapitisha kidole kwenye meza ya pasi, akaridhika. Kisha akasimama mbele ya redio yangu, akakunja uso.

"Ila hii, mwanangu, siiwezi," akasema. "Pasi inataka utulivu."

Akanyoosha mkono kuizima.

Nikauwahi ule mkono, nikaudaka hewani, mbele ya watu wote. Na hapo, kama wiki jana, nafasi ya gazeti imeniishia.